Bahasha ya Nywele za Mbwa

Kisangani, komini ya Tshopo, tarehe 14 Februari 2025. Miaka ishirini na sita na miezi minne tangu niondoke Bafwasende.

Mama Lydie mpendwa,

Naomba msaada wako katika ukurasa wako wa ushauri gazetini, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana nyumbani kwangu wamecheka hadi wamechoka, na jirani yangu amecheka hadi ameacha kucheka, jambo ambalo ni baya zaidi. Nina umri wa miaka sabini na mmoja, nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na moja, nimesoma vitabu vingi kuliko vile mchwa wa Tshopo walivyoweza kula, na kinachonishinda ni mtoto wa mbwa mwenye uzito wa mfuko mdogo wa chumvi.

Ili unielewe lazima nianze na mbwa mwingine. Bafwasende nilikuwa na mbwa wa mawindo aliyeitwa Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, kwa sababu alitembea mbele ya watu na hakufanya kazi. Mbwa wetu wa msituni hawabweki kama hawa wa mjini, tunawafunga kengele ya mti shingoni ili tuwasikie, na katika ukoo wetu mtoto wa mbwa anapofika nyumbani hukatwa nywele za ncha ya mkia, nywele hizo huzikwa chini ya kizingiti cha mlango, na tangu siku hiyo mbwa anajua kwao ni wapi. Nywele za Kapita nilizizika mimi mwenyewe. Oktoba ya 1998, vita vilipotufikia, tulitoka na mke wangu Angèle, na sanduku moja la kahawia, na Kapita mbele na kengele yake, na tulipofika kwenye daraja la Lindi mbwa akakaa chini, akatutazama kama mwalimu anayetazama wanafunzi waliokosea hesabu rahisi, akageuka, akarudi nyumbani. Nilimwambia kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuwa wakikimbia, «Ningoje, nakuja.» Angèle ananikumbusha mpaka leo kwamba yeye sijawahi kumuaga kwa upole kama ule.

Tangu wakati huo, Mama Lydie, sisi tuko safarini. Sikujenga ua kuzunguka lopango letu, kiwanja chetu cha nyumba hapa Tshopo, kwa sababu mtu hazungushii ua mahali anapopita. Bafu letu ni turubai kwenye miti minne. Mwaka wa 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana hapa mjini kwa siku sita, majirani walichimba mashimo ya kujificha nami nikakataa kuchimba, nikisema tunaondoka wiki ijayo, na Angèle akachimba letu mwenyewe, nami nikaingia. Sanduku la kahawia halikufunguliwa tangu tufike hadi mwezi uliopita: ndani mna koti langu, shahada yangu, ramani ya mkoa na ufunguo wa nyumba. Binti yetu Larissa amezaliwa hapa na sasa ana miaka ishirini na mitano, na kila ninaposema tutarudi, ananiuliza atarudije mahali ambapo hakutoka: «Papa, mie nitarudi je fasi sikutoka?» Sijapata jibu, na mimi ni mtu ambaye kwa kawaida hupata jibu.

Basi tarehe 8 Januari alikuja mpwa wangu Évariste kwa pikipiki kutoka Bafwasende. Évariste ndiye anayekaa katika nyumba yangu ile, yeye na mke wake na watoto wanne, kuitunza mpaka nirudi. Alifungua kikapu akatoa mtoto wa mbwa wa majuma sita, mwekundu, kifua cheupe, mkia umejikunja kama ngumi ya mtoto, akasema, «Tonton, hii ni ya ukoo wa Kapita. Hukuya kumuona mbwa, bon, mbwa amekuya kukuona.» Kisha akanipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na nywele za ncha ya mkia. «Sikuzika kule,» akasema. «Utazika kwako.» Halafu akaniuliza, kama anavyouliza kila mwaka, ninarudi lini, kwa kuwa paa la majani linavuja na anataka kuweka mabati, lakini hawezi kugusa paa la mtu mwingine. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mwaka: kiangazi kijacho.

Bahasha iko katika mfuko wa shati langu hadi leo, siku thelathini na saba. Sikuizika. Nikiizika chini ya mlango huu nitakuwa nimesema jambo ambalo sijalisema. Na nilikataa hata kumpa mbwa jina kamili, nikawaambia wamwite lolote, ni la provisoire tu, la muda, na tangu hapo anaitwa Provisoire, na anaitika.

Sasa matokeo. Kwanza, siku moja Larissa alifungua sanduku la kahawia ili kulianika, mbwa akaingia humo, akajikunja juu ya koti langu, na hakuna anayeweza kumtoa. Siku ya tatu alikojolea ramani. Mimi ni mtu wa jiografia, nimepima: kojo lilianzia Opienge likafuata barabara hadi Bafwasende, na hapo likafanya ziwa. Angèle alisema mbwa huyu anajua kusoma.

Pili, na hili ndilo linalonifanya niandike, Provisoire hakai. Kila alfajiri na kila alasiri anatoka mbio, anapita kwenye ule ua ambao haupo, na kwenda kwa jirani yetu Papa Waziri. Waziri ni fundi wa nguo, mtu wa mzaha, Mwislamu wa familia ya zamani ya mji huu, rafiki yangu kwa miaka ishirini, naye husali barazani, na Provisoire ameona kwamba hakuna mahali laini pa kulala kama mkeka wa kusalia. Waziri akiguswa na ulimi wa mbwa anaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mara ya kwanza alicheka: «Papa Henri, kama mbwa yako anataka kuingia dini, akuye na mashahidi mbili!» Mara ya kumi alisema, «Mukeka yangu sasa iko safi kupita roho yangu.» Mara ya ishirini alinishauri nimfunge kengele ya mti ili amsikie akija na kuinua mkeka. Juzi hakufanya mzaha. Alimleta mwenyewe, amemshika kwa kitambaa mbali na mwili wake kama mtu anayebeba taa ya mafuta, akasema, «Ramadani iko karibu. Mbwa akae kwako, ao arudi kwao. Mie sitaki tugombane juu ya mutoto ya mbwa, kisha miaka ishirini ya urafiki.»

Évariste atakuja na lori mwishoni mwa mwezi huu. Angèle ameshatoa hukumu, akiwa anapepeta mchele, bila hata kuinua macho: «Évariste akirudi, mumoja arudi naye. Mbwa ao wewe. Ao wote mbili, mufuatane sawa zamani. Mie nabaki.»

Mama Lydie, sijui kama anatania. Namlisha mbwa vizuri, mara moja kwa siku, jioni, fufu na mchuzi, kama tulivyowalisha mbwa wa mawindo ili wasiwe wazito. Namkemea. Nimempiga kidogo kwa gazeti. Najua kwa nini anakimbia: nywele zake haziko chini ya mlango wowote, kwa hiyo hana kwao. Nimrudishe Bafwasende na Évariste, nimkose kama nilivyomkosa Kapita? Nirudi pamoja naye, mimi na sanduku lenye harufu hii? Au nifanye nini? Nimempenda, nakiri. Jana alilala juu ya mguu wangu nami nikakaa saa mbili bila kwenda chooni.

Usifiche jina langu, mtaa mzima unajua.

Henri, mwalimu mstaafu

MAMA LYDIE ANAJIBU

Papa Henri, nimecheka. Ulinikataza mapema, lakini ulifika na ramani.

Sasa nisikilize wewe, maana umewasikilizisha wengine miaka thelathini na moja. Ulipima kojo la mbwa kutoka Opienge hadi Bafwasende, na hukuona kilicho mbele ya pua yako. Unasema Provisoire anakwenda kwa Waziri kwa sababu ya nywele. Papa, mtoto wa mbwa wa majuma kumi na moja unamlisha mara moja kwa siku! Huyo si mbwa wa mawindo, ni mtoto mchanga mwenye mkia. Tumbo lake ni dogo kama kikombe, linajaa upesi na kuisha upesi. Mpe chakula mara nne kwa siku sasa, akifikisha miezi minne mara tatu, akifikisha miezi sita mara mbili. Fufu laini, mchuzi usio na pilipili, ndakala, wale dagaa wakavu, waliopondwa, yai ukilipata. Mifupa ya kuku usimpe, inavunjika vipande vya kumchoma tumboni. Na maji yawepo siku nzima, katika chombo kizito ambacho hatakipindua.

Na nikuulize: mbwa anakwenda mara ishirini mahali anapofukuzwa? Sijawahi kumwona mbwa wa namna hiyo. Wanaume wa namna hiyo ndiyo, wananiandikia kila wiki. Katika lopango la Waziri kuna mkono unaompa kitu. Kabla ya kumlaumu mbwa au mababu, nenda kamwulize mke wa Waziri, kwa heshima, uso kwa uso, na uende na sabuni kama zawadi kwa ajili ya mkeka ule.

Suala la kojo. Mtoto wa mbwa anajisaidia akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Mtoe nje nyakati hizo, mahali pale pale, na akifanya msifu kama mwanafunzi aliyekutajia mito yote ya mkoa. Akikosea ndani, safisha na nyamaza. Usimpige kwa gazeti. Hasa usimpige kwa gazeti hili, sisi wengine tunaishi humo.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo juma hili kwa dawa ya minyoo, na akifikisha miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Hili si la mzaha. Mbwa asiyechanjwa anayezunguka nyumba za watu anaweza kuua mtu, na aliyeumwa akianza kuugua, hakuna tena dawa ya kumponya. Kama anabweka au habweki, mwache. Kazi ya kupiga kelele mwachie Mama Angèle, naona anaiweza.

Sasa ua. Mbwa hapiti kwenye ukuta, anapita kwenye nafasi uliyomwachia. Umemwachia nafasi miaka ishirini na sita kabla hajazaliwa. Weka mianzi kuzunguka lopango lako, iwe karibu karibu chini, kwa kuwa huyu ni mwembamba. Hii ndiyo nusu ya ushauri wangu kuhusu mbwa, na ningeweza kuishia hapo kama ungekuwa umeniandikia kuhusu mbwa.

Nilisoma barua yako mara mbili, Papa Henri. Mara ya pili nilimtafuta Angèle. Nimemkuta anaoga nyuma ya turubai kwa miaka ishirini na sita. Nimemkuta anachimba shimo la kujificha mabomu peke yake, na mumewe amesimama kando anatangaza kwamba wiki ijayo wanaondoka. Kisha ukaingia shimoni. Unalisimulia kama kichekesho, na ni kichekesho kweli, lakini mwenye jembe hakucheka. Nimemkuta pia Évariste, mwanaume mwenye watoto wanne, ananyeshewa kila masika kwa heshima yako, chini ya paa ambalo hukai na hukubali alifunike. Nimemkuta Larissa amekuuliza swali, nawe umekosa jibu kwa sababu unalijua.

Wewe unasema uko safarini. Msafiri hukaa njiani siku tatu, mwezi, mwaka. Barabara ilikuwa imefungwa, hilo nalikubali, vita vilikuwepo, watu wenye silaha walikuwepo msituni, hakuna anayekulaumu. Lakini leo lori linakuja kutoka Bafwasende mwishoni mwa mwezi, umeniandikia mwenyewe, na dereva anaweza kukupakia. Huogopi barabara tena. Unaogopa kufika na kukuta hakuna anayekungoja darajani. Kapita amekufa, Papa. Mbwa haishi miaka thelathini. Alirudi nyumbani kwake akafa mbwa mwenye kwao, na hiyo si bahati ndogo. Pole. Nadhani hakuna aliyekupa pole hiyo, kwa sababu watu waliokufa walikuwa wengi mno hata mtu akaona aibu kumlilia mbwa. Mimi nakupa sasa. Mlilie leo, usizidishe kesho.

Na sikuambii nywele zinamfunga mbwa. Mbwa anafungwa na chakula, ua na mtu anayemwita kwa jina. Lakini wewe unaamini, na mtu anayeamini hawezi kutembea na imani yake katika mfuko wa shati siku thelathini na saba akisubiri hali ya hewa. Usimrudishe Provisoire. Ukimrudisha utakuwa umemwacha mbwa mara mbili, na safari hii hakuna vita vya kusingizia.

Basi fanya hivi, kabla lori halijafika. Jenga ua. Toa vile vitu kwenye sanduku la kahawia, osha koti, mwachie mbwa sanduku, ameshalipata kwa haki. Ufunguo mpe Évariste mkononi, na umwambie neno «mabati» kwa mdomo wako. Nywele zizike mchana, chini ya mlango wa nyumba unayolala, na Mama Angèle awepo. Shimo achimbe yeye kama anataka, ana uzoefu. Au panda lori uende, kama kweli ndilo unalotaka, lakini hapo uende wewe na siyo sanduku. Lolote utakalochagua, mwambie mkeo kwa maneno kamili, yenye kitenzi. «Kiangazi kijacho» haina kitenzi.

Baada ya hapo jenga bafu.

BARUA FUPI ILIYOTUFIKIA WIKI HII

Kisangani, komini ya Tshopo, tarehe 27 Februari 2025.

Mama Lydie,

Nilikwenda kwa Mama Safi, mke wa Waziri, na sabuni mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaita kuelekea cherehani, kama karani wa mahakama, «Waziri! Banakuita kwa tribunal!» Waziri alitoka na uzi mdomoni. Alikuwa anampa mbwa vichwa vya samaki tangu siku ya pili. «Papa Henri,» akasema, «mie naosha mukeka mara saba, ni kweli. Lakini ile mutoto iko na njaa. Mungu anaona vyote mbili.» Tulicheka mpaka uzi ukampotea. Yeye ndiye aliyenishikia mianzi wakati wa kujenga ua, siku mbili nzima, na upande unaotazama baraza lake ndio uliobanwa zaidi. Vichwa vya samaki sasa vinapita juu ya ua, navipokea mimi.

Provisoire anakula mara nne. Dawa ya minyoo amepata, ya chanjo tumeandikiwa tarehe. Analala katika sanduku, kifuniko tumekiondoa.

Évariste alifika Jumanne. Nilimpa ufunguo nikamwambia aweke mabati. Aliugeuzageuza ufunguo, akasema, «Tonton, ile serure ya mulango tulibadirishaka, sasa miaka kumi na mbili.» Hakutaka kuniambia. Aliuchukua hata hivyo, akaufunga katika leso.

Nywele tulizizika jana saa nne za asubuhi, chini ya kizingiti. Angèle alichimba. Nilipomimina bahasha alinishika shingo, akang'oa nywele mbili nyeupe kichwani mwangu, akazitupa shimoni juu ya zile nyekundu. «Na huyu pia,» akasema, «anapendaka kuangalia barabara.» Kisha akafukia na kukanyaga kwa nguvu.

Larissa alikuwa amesimama mlangoni. Nilimjibu swali lake, kwa kitenzi, kama ulivyoagiza. Nakuandikia wewe vilevile, ili liwepo mahali limechapishwa.

Sitarudi Bafwasende.

Henri